Tangi Lisishuke Chini ya Nusu

Rustaki, Ijumaa 14 Septemba 2018

Mdogo wangu Yaarub,

Assalaam alaykum. Hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa Mama, ambaye anakuombea dua na kukulalamikia kwa pumzi moja. Tende za uani tumemaliza kuzivuna, na zile za aina ya khalasi mwaka huu ni tamu mpaka meno yanauma. Nimekuwekea kikapu kwenye friza, na nimewakataza watoto wasikiguse. Mume wangu Nasser yuko huko jangwani kwenye visima vyake vya mafuta. Akija atalala siku tatu, halafu ndiyo atakuwa mtu wa kuzungumza naye.

Najua utacheka kuona karatasi. Lakini kila nikikupigia unaniambia, “Niko chini ya gari, Dada, nitakupigia,” na hunipigii. Nimesema basi, barua haikai chini ya gari.

Kuhusu gari lenyewe. Ulipolileta Agosti kutoka huko Salalah, mtaa mzima ulitoka kulitazama. Jirani yetu Ghaliya alilizunguka mara mbili akaniuliza, “Zuwaina, hili gari au nyumba?” Viti saba, ubaridi mpaka nyuma, na milango inajifunga yenyewe kama ya hoteli. Walimu wenzangu wawili, Raya na Salha, wamenihamia moja kwa moja. Kila asubuhi tunakwenda pamoja shuleni Hail Sidri, na ile njia ya mlimani unaijua.

Sasa nisikilize. Jana tulikuwa kwenye ule mpando wa kona saba. Gari likapiga kengele moja, kioo kikatoa maandishi ya njano kwamba nguvu ya injini imepungua. Kabla sijamaliza kuyasoma, likazima. Usukani ukawa mgumu kama umemwagiwa saruji. Nikakanyaga breki, ikawa kama nakanyaga jiwe. Na gari likaanza kurudi nyuma, Yaarub. Taratibu, bila sauti. Upande wa kulia kulikuwa na wadi, lile korongo la maji ya mvua, na unajua hakuna ukingo pale. Sikumbuki nilivyokipata kile kitufe cha breki ya mkono. Salha anasema nilikuwa nikikipigapiga kwa ngumi.

Tulishuka sote, tukakaa juani. Baada ya dakika kumi nikaliwasha, likawaka kama mtoto aliyeamka usingizini, halina habari.

Wewe ni fundi wa kampuni iliyoliuza, na ni wewe uliyenichagulia. Niambie ni nini.

Dada yako,
Zuwaina


Salalah, 29 Septemba

Dada yangu mpendwa Zuwaina,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata kwa mwenye duka la chini ya chumba changu, na nimefurahi kuona mwandiko wako. Huku ukungu wa msimu ndiyo kwanza unaondoka milimani. Majani bado ya kijani, na ngamia wameteremshwa barabarani, wanalala katikati ya njia kama wamelipia kodi. Chumba changu kinavuja lakini afya ninayo. Mbusu Mama mikono kwa niaba yangu. Tende msizimalize.

Kuhusu gari, usitie wasiwasi mwingi. Magari mapya yana kompyuta nyingi, na wakati mwingine moja inaidanganya nyingine. Lipeleke kwenye tawi la hapo Rustaki walitazame.

Ila jambo moja nakuomba: tangi lisishuke chini ya nusu. Kila ukipita kituo cha mafuta, jaza. Hata kama umejaza jana.

Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi wiki ijayo.

Ndugu yako,
Yaarub


Rustaki, 11 Oktoba

Yaarub,

Salamu nyingi. Nasser alikuja na ameondoka. Mwanangu mkubwa amekuwa wa pili darasani, na anadai wa kwanza aliibia mtihani. Mama siku hizi hataki kutoka. Harusi ya binti wa Ghaliya ilikuwa nyumba ya tatu tu, akasema magoti. Nikamwambia nitampeleka kwa gari, akanitazama akaingia ndani.

Gari limezima tena, mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mzunguko wa barabara hapa mjini, katikati ya malori. Honi zilizopigwa, nadhani ulizisikia huko. Mara ya pili tukishuka kutoka Hail Sidri mchana, na kushuka bila usukani wala breki sitaki kukuelezea.

Nililipeleka tawini kama ulivyosema. Walinikalisha kwenye kochi, wakaniletea kahawa na halwa, wakaliunganisha na kompyuta yao. Baada ya saa moja akaja kijana mwenye tai akitabasamu.

“Mwalimu, gari lako halina kitu. Ni zima kama sisi.”

“Limezima mara tatu,” nikamwambia.

“Kabla ya hili ulikuwa ukiendesha gari gani?”

“Dogo.”

“Aa.” Akatikisa kichwa kama daktari. “Haya makubwa yanataka kuzoewa. Labda mguu uligusa mahali, au baibui lilinasa.”

“Mwanangu,” nikamwambia, “mimi nimeanza kuendesha milima hii wewe ukiwa unavalishwa nepi. Baibui langu halijawahi kuzima injini.”

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Wakanioshea gari, wakanijazia tangi bure, wakanipa karatasi: hakuna hitilafu iliyopatikana. Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza. Kampuni gani, Yaarub, inamjazia mtu mafuta bure?

Halafu nikaikumbuka barua yako. Uliniambia tangi lisishuke chini ya nusu. Mimi katika barua yangu sikutaja mafuta hata kwa neno moja. Nimekaa nikahesabu: mara zote tatu mshale ulikuwa karibu na robo. Ulijuaje?

Nijibu hilo tu. Mengine yaache.

Zuwaina


Salalah, 9 Novemba

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, kisha kazi. Tunamshukuru Mungu kwa kila hali. Mwambie mpwa wangu nimefurahi kwa kuwa wa pili.

Ulipiga simu mara nyingi wiki iliyopita. Nakuomba habari ya gari tusiizungumze kwenye simu. Simu tunazotumia ni za kampuni, na siku hizi watu wanaulizwa maswali. Ukiniandikia, usiandike jina la kampuni juu ya bahasha.

Endelea kujaza tangi. Usipite njia ya malori. Na kama inawezekana usiwabebe watu. Waambie wale walimu watafute usafiri mwingine kwa muda, sema Nasser amekukataza. Huku wameahidi mambo yatatengenezwa karibuni. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii.

Sijalala vizuri, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Yaarub


Rustaki, 20 Novemba

Yaarub,

Sitaanza na tende leo.

Unaniambia nisiwabebe watu, hunielezi kwa nini. Basi nami nitakuambia nililokuficha. Siku ile ya kwanza kwenye kona saba hatukuwa watatu. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Alitaka kwenda kumwona rafiki yake wa ujanani huko Hail Sidri, nikamwambia panda twende, gari la Yaarub hili. Lilipoanza kurudi nyuma alikuwa upande wa wadi. Hakupiga kelele. Alishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, akatoa shahada. Mpaka leo akisikia mlango wa lile gari ukifungwa, mkono wake wa kushoto unacheza. Nilikuficha kwa sababu alinikataza. “Usimwambie Yaarub,” alisema, “atadhani amenidhuru.”

La pili. Raya ana mimba. Ni ya kwanza baada ya miaka tisa ya ndoa. Hakuna basi la kwenda Hail Sidri, unajua hilo, na mume wake yuko jeshini, na gari la Salha lilishauzwa. Nikimwambia nimekatazwa kumbeba, atakwenda kusimama barabarani aombe lifti kwa madereva wa malori ya mawe. Kwa hiyo nambeba. Kila asubuhi naukodolea macho mshale wa mafuta zaidi kuliko barabara. Salha anaimba, Raya analala, mimi nasikiliza injini. Ikibadili sauti kidogo tu, jasho linanitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Darasani watoto wananiuliza swali, nasikia kengele ile ya gari.

Nilimwambia Nasser tuliuze. Akaniuliza: “Tumuuzie nani?”

Kuna ofisi ya kulinda wateja hapa mjini. Nimekwenda. Bwana mmoja mpole akanisikiliza, akasema karatasi ya kampuni inasema gari ni zima, na bila fundi wa kusema vingine, wao watashika nini? Fundi, Yaarub.

Sikuulizi tena ulijuaje. Nakuuliza unajua nini.

Dada yako


Rustaki, 2 Januari 2019

Yaarub,

Wiki sita. Simu yako inaita na haipokewi. Mwenye duka ameniambia anakuona ukipita kila siku, kwa hiyo u hai, na barua yangu alikukabidhi mkononi.

Baridi imeingia. Gari limetulia tangu Desemba, halijazima hata mara moja, na najaza kila siku. Salha anasema labda limepona. Mimi ukimya wake unanitisha zaidi.

Mama anauliza kama umeoa huko ukatuficha. Nimemwambia labda.

Z.


Salalah, 24 Januari

Dada yangu Zuwaina,

Usiliendeshe. Acha kusoma hapa, nenda kauweke ufunguo mahali ambapo hutaufikia, kisha rudi umalize.

Mwezi wa sita mwaka jana msimamizi wetu, Mhandisi Lutfi, alitukusanya mlangoni pa ofisi yake akatusomea waraka. Pampu ya mafuta ya magari yale, ile inayokaa ndani ya tangi, ina gurudumu dogo la plastiki ambalo linavimba. Mafuta yakiwa mengi yanaipoza. Yakipungua, joto linapanda, gurudumu linakwama, injini inakosa mafuta na kuzima. Kompyuta haioni kitu, kwa sababu pampu ikishapoa inazunguka tena. Pampu mpya zilikuwa hazijafika. Tukaambiwa hivi: mteja akija, liunganishe, lioshe, mjazie tangi, andika hakuna hitilafu, na usiseme neno. Kila fundi alitia sahihi kwamba amesikia. Nami nilitia.

Utaniuliza, na Agosti ulinichagulia gari hilo hilo? Nilimuuliza Lutfi kabla. Akaniambia, “Namba ya gari la dada yako haimo kwenye kundi, chukua bila wasiwasi.” Orodha ya namba ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua nne kutoka niliposimama. Sikwenda kuitazama. Nilikuwa nimeshamwahidi Mama gari. Niliitazama orodha hiyo barua yako ya kwanza ilipofika. Namba yako ilikuwa mstari wa kumi na saba.

Kwa hiyo tangu Septemba nilijua. Nilichokutumia ni ule ushauri wa tangi.

Kuna mtu aliitwa Musallam, wa Thumrait, mfuga ngamia. Alikuja Oktoba, gari limemzimia mara mbili kwenye barabara ya jangwani. Mtu mcheshi. Aliniletea maziwa ya ngamia kwenye chupa, akaniambia, “Fundi, mimi nimezoea wanyama wanaogoma, lakini hawa wangu wakigoma angalau wananitazama usoni.” Nililiosha gari lake. Nikamjazia tangi. Nikaandika hakuna hitilafu, nikatia sahihi, nikampa mkono. Tarehe tatu Novemba lilizima likiwa mwendo wa kasi, na nyuma yake kulikuwa na lori la mabomba. Alikuwa peke yake, alhamdulillahi hakuwa na watoto ndani. Hakufika hospitali.

Lutfi aliniita. Alikuwa ameishika ile karatasi. “Jina lililo hapa ni la nani?” akaniuliza. Nikasema langu. “Basi,” akasema, “jina la kampuni halipo, jina langu halipo. Lipo lako.” Akaifungia kwenye kabati, akaniagizia chai.

Tangu siku hiyo, Dada, naogopa kila kitu. Mlango ukigongwa nadhani ni polisi. Simu ikiita nadhani ni wewe, au mtu anayenipa habari zako. Barua yako ya Novemba niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye habari ya Mama nilikaa chini dukani mbele ya watu. Nikaandika majibu manne na kuyachana. Kila nikiandika ukweli naona ile karatasi ndani ya kabati. Naogopa jela. Naliandika waziwazi ili ujue ndugu yako ni mtu wa namna gani.

Ndani ya bahasha nimetia nakala ya waraka wa Juni. Niliupiga picha kwa siri. Mpelekee yule bwana wa ofisi ya wateja.

Sijui nimalizie vipi.

Yaarub


Rustaki, 15 Februari

Yaarub,

Barua yako ya tarehe 24 Januari ilinifikia tarehe 3 Februari. Nakueleza yaliyotokea katikati.

Jumapili tarehe 27 mvua ilinyesha milimani tangu alfajiri. Kwetu ilikuwa manyunyu tu. Shule haikutangaza kufungwa. Tangi langu lilikuwa robo tatu. Narudia, robo tatu, kwa sababu ushauri wako nilikuwa nikiufuata kama sala.

Pale tunapovuka wadi chini ya Hail Sidri, maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Mbele yangu ilipita pikapu ya mzee mmoja na mbuzi wake bila taabu. Nikaingia. Katikati, kengele ile ikalia mara moja. Gari likazima.

Niliwasha. Nikawasha tena. Salha alikuwa akinihesabia, sijui anahesabu nini. Maji ya wadi hayaji kama unavyodhani, kwa kishindo. Kwanza yalibadilika rangi tu, yakawa kama chai ya maziwa. Halafu vijiti vikaanza kupita, kisha kandambili ya mtoto, kisha mti mzima.

Raya alikuwa mbele, na tumbo la miezi saba. Akaniambia, “Zuwaina, usinidanganye. Maji yanapanda?”

“Hayapandi.”

“Basi mbona viatu vyako vinaelea?”

Milango ile inayojifunga yenyewe kama ya hoteli ilikataa kufunguka, maji yameielemea. Kioo cha upande wangu kilishuka nusu kikasimama. Salha, ambaye anaogopa hata mjusi, alitoka kwa kile cha nyuma akapanda juu ya gari kwa tumbo, baibui limechanika lote, akamshika Raya mikono, mimi nikamsukuma kwa bega kutoka ndani. Ilibidi nimsukume kwa nguvu, Yaarub. Mwanamke mwenye mimba aliyoingoja miaka tisa, nikawa namsukuma kama gunia.

Nami nikatoka kwa kioo hicho hicho cha nyuma, tukakaa juu ya gari watatu. Nililisikia linatikisika chini yetu, likiinuka kidogo na kukaa, kuinuka na kukaa. Yule mzee wa mbuzi alikuwa ametuona kwenye kioo chake, akarudi. Alipiga kelele kijijini, wakaja wanaume na kamba, wakaifunga kwenye pikapu yake. Walimvusha Raya kwanza, halafu Salha. Mimi nilipofika ukingoni na kugeuka, gari lilikuwa limeshaondoka. Lilikwenda kwa upole, taa zote zinawaka. Zile taa hazikuzima.

Raya alijifungua siku hiyo hiyo hospitalini. Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Yumo ndani ya sanduku la kioo, na mkono wake ni kama kidole changu cha mwisho. Madaktari wanasema tungoje. Mama yake anakaa kwenye kiti pale kutwa, hazungumzi na mimi. Hajanifukuza, ila hazungumzi.

Sasa hili. Ulimaliza barua yako tarehe 24. Ukaikunja, ukainunulia stempu, ukaitia posta. Siku tatu kabla. Umeandika “usiliendeshe” mstari wa kwanza kabisa, kwa hiyo ulijua ni jambo la haraka. Yaarub, simu ilikuwepo. Hata ya mwenye duka. Neno moja tu, ukakata.

Sikuandikii kwa hasira. Hasira ilikuwepo wiki mbili, imechoka. Waraka nimeupeleka. Yule bwana mpole alisimama kutoka kitini aliposoma. Lakini anasema nakala bila mtu ni karatasi tu, kampuni itasema imeghushiwa. Anataka mwenye sahihi aende mwenyewe ofisi yao ya huko Salalah aseme kwa mdomo wake.

Mama ameujua ukweli wote. Nilimsomea. Aliswali adhuhuri, kisha akasema, “Mwandikie kwamba simtumii salamu. Atazipata akishakwenda.”

Nenda.

Zuwaina


Salalah, 8 Machi

Dada yangu,

Nimekwenda. Nilikwenda mara mbili nikarudi nikiwa mlangoni, ya tatu nikaingia. Walinipa maji. Nilisema kuanzia Juni mpaka Januari, na majina, na kabati lilipo. Walipokwenda kulifungua, karatasi ya Musallam ilikuwemo. Lutfi hakuichoma, nadhani aliitunza kwa ajili ya kunishika. Kesi itafunguliwa, na mimi ni shahidi na pia ni mshitakiwa. Wameniambia hivyo bila kuzunguka. Pasi yangu ya kusafiria wameichukua. Kazi sina.

Siku ya mwisho karakanani Lutfi alinifuata nikikusanya spana zangu. “Yaarub, una mama?” akaniuliza. Nikamwambia ninaye. “Basi ungemfikiria.” Nikamwambia ndiye niliyemfikiria. Nikazibeba spana nikatoka.

Ofisi ilisema tangazo la kuyarudisha magari litatoka baada ya wiki mbili au tatu, lazima lipite kwa wakubwa. Wiki tatu, Dada. Na joto linarudi. Ile orodha ya ukutani nilikuwa nimeinakili, na simu za wateja wa tawi letu zimo, sitini na tatu. Jumatatu asubuhi nilikaa dukani, nikaomba simu ya mwenye duka, nikaanza.

Nilikuwa nasema hivi: “Jina langu Yaarub bin Saif, nilikuwa fundi. Gari lako lina kasoro ya pampu na linaweza kuzima likiwa njiani. Tuliijua, tukawaficha. Tafadhali usiliendeshe.” Wengine walinishukuru. Mmoja alinitukana mpaka akakosa pumzi, kisha akaniambia nirudie polepole aandike. Mzee mmoja alidhani nauza bima.

Namba ya thelathini na nne alipokea mwanamke. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Liko njiani sasa hivi. Baba yao anawapeleka Haima, watoto wanne.” Akakata ampigie. Baada ya dakika tano akanipigia: hapokei. Barabara ya Haima unaijua, ni ile ya Musallam. Akaniuliza, “Nifanye nini?” Nikamwambia tubaki wote kwenye simu. Tukabaki. Nilisikia anakata vitunguu, kisha ameacha kuvikata. Mwenye duka alifunga mlango wa duka ingawa ilikuwa saa tano asubuhi na wateja wapo. Kwa muda wa saa moja na robo tulikaa hivyo, mwanamke nisiyemjua na mimi, kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake. Halafu simu yake ya pili ikalia, akapiga ukelele, na mimi nikadhani ndiyo basi. Walikuwa kwenye kituo cha mafuta. Gari lilizima mara moja karibu na kituo, wakalisukuma, na mumewe alikuwa ameiacha simu ndani akinywa chai. Nikapiga namba ya thelathini na tano.

Nilimaliza namba zote Jumatano, isipokuwa moja. Mstari wa tisa ulikuwa wa Musallam. Nilijua anayeipokea sasa ni nani. Mkewe anaitwa Tufuli.

Nilikaa nayo siku nzima. Nilijiambia gari lake halipo tena, hakuna wa kumwonya, kwa nini nimwongezee? Alhamisi baada ya adhuhuri nilipiga.

Nilimwambia jina langu, nikamwambia ni mimi niliyeliosha gari na kutia sahihi. Nikamwambia mumewe aliniletea maziwa. Sikuomba msamaha, nilihisi si wakati wake. Hakulia. Nyuma yake ngamia walikuwa wakilia na mtu anawafukuza. Akaniuliza neno moja tu.

“Ulijua lini?”

Nikamtajia tarehe ya ule waraka, miezi minne kabla ya yale maziwa.

Yaarub